Laptop Nzito ya Adhis

Soweto West, Kibera

Adhis, mtoto wa dada,

Huku ni mvua tu na magoti yangu yanayouma. Laptop yako ya kuchorea madaraja niliiendea Kawangware mwenyewe. Si unajua chuma mimi nakipima kwa mkono, hata injini ya treni nishainyanyua? Nikainua zote dukani, nikachukua nzito kabisa.

Muia, fundi wa kompyuta, akaiwasha, akacheka. "Mzee, hii ni nzito kwa sababu ni ya zamani. Ukiiwekea programu ya uinjinia itazima."

Mwenye duka amekataa kuipokea tena, na nilimpa mashine yangu ya kuchomelea tukabadilishana.

Najua mchoro wa mtihani ni Ijumaa. Omba laptop ya mwenzako, mama. Wakikuuliza yako iko wapi, sema anko ni bingwa wa vyuma. Kompyuta alibahatisha.

Nimechoka,
Anko Dalmas