Gari la Babu Haliendi Tena Kushoto

Dada, usikodi gari la harusi! Utapelekwa na gari la babu, kama ulivyoota tangu utotoni.

Jana Baba alisema breki zimekufa, ndiyo maana tukizikanyaga gari linavuta kushoto. Leo alfajiri nimefungua dramu za breki za magurudumu ya mbele. Breki nzima kabisa! Ila kwenye gurudumu la kulia, kiatu kirefu cha breki kimefungwa mahali pa kifupi, kwa hiyo upande huo haukamati vizuri. Nani alikifunga? ~~Baba~~ Fundi mmoja mwenye mvi anayeishi humu ndani.

Nimevibadilishia nafasi, nikajaribu gari mteremkoni: limesimama limenyooka kama rula.

Mama, chai iko kwenye chupa. Baba, tafadhali usiguse kitu. Nimekwenda kununua riboni.

Panda, dada, usihofu,
Baba ndiye mkosefu.

Kitinda mimba, dereva wa bibi harusi

(Samahani, Baba. Nilikosa kina kingine.)