Stripu Tisa za Jamilah

Shangazi Ayikoru mpendwa, nakuandikia kutoka Koboko nikiomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama mkwe anampeleka binti yangu Jamilah kwa mganga huko Ludara, mwezi mzima bila sindano, na mume wangu Nasiri amekubali, na mimi ninayejua ukweli nimefunga mdomo.

Jamilah ana miaka minane, ugonjwa wa sukari ulimshika akiwa na mitano, namchoma insulini asubuhi na jioni, na kabla ya kumchoma namtoboa kidole kwanza nisome mashine, kwa sababu kile kidude cha kubandika mkononi kinachosoma sukari kutwa kucha mimi nimekiona kwenye simu tu, huku kwetu hata stripu za mashine, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu, tunaagiza Arua na zikichelewa tunakaa hivyo hivyo. Sasa wiki jana tulikuwa na karama ya kumwombea marehemu baba mkwe, nyumba imejaa mashangazi na mawifi, wakaiona mashine juu ya kabati, mama mkwe akawa wa kwanza kunyoosha kidole, "Na mimi nipime, nione kama iko sukari," na wengine wakapanga foleni nyuma yake wakicheka, na mimi nikaona aibu kuwanyima wageni, nikawatoboa mmoja mmoja mpaka stripu tisa zikaisha, na ndizo zote tulizokuwa nazo. Ya mama mkwe ilisoma kumi na tisa, sukari ya juu mno, akanibana mkono akaniambia nisimwambie mtu.

Kesho yake jioni Jamilah akawa mkali, analia ovyo, jasho linamtoka, nikajisemea ni yale mandazi ya karama, sukari imepanda, nikamwongezea insulini kwa kukisia, haikupita saa akaanguka akakakamaa. Jirani yetu Pasca ndiye aliyempaka asali kwenye fizi, na wakati huo huo mama mkwe alikuwa anafukiza ubani, mtoto alipofumbua macho yeye mama mkwe akasema, "Mumeona? Huyu iko na majini, na hii sindano ndiyo inawaita." Nikisema ukweli Nasiri ataniita muuaji na kumhamishia Jamilah kwa mke mwenzangu, nikinyamaza mtoto anakwenda Ludara. Nifanye nini?

Mwenye kosa, Koboko.

*

Dada wa Koboko, majina nimeyabadilisha, kwa hiyo kaa usikilize. Barua yako imenifikia jana na naijibu leo Alhamisi hapa redioni, maana Jumamosi haitungoji.

Nakuonea huruma, na bado nitakusema. Uliona aibu kumnyima mgeni stripu, hukuona aibu mtoto kubaki bila? Mgeni hupewa chai. Na mtoto anayetokwa jasho wakati huna cha kupimia hachomwi sindano, hupewa kitu cha sukari kwanza, kisha hukimbizwa hospitali. Kliniki walikuambia, woga ukakusahaulisha. Kosa ni lako. Lakini wale wanawake tisa waliocheka kwenye foleni walimaliza stripu za mtoto, na leo hakuna hata mmoja anayefungua mdomo.

Sasa sikia. Mtoto kama Jamilah akikosa insulini hamalizi mwezi, pengine hamalizi wiki. Akihamia kwa mke mwenzako na insulini yake utalia, ila utakuwa unamlilia mtoto aliye hai. Leo hii mwambie Nasiri, Pasca akiwapo: nilikisia, nikamwongezea dawa, sukari ikashuka, asali ndiyo iliyomwamsha. Akifoka mwache afoke mpaka achoke. Kesho asubuhi nendeni kliniki pamoja, muuguzi amweleze mwenyewe. Akikataa, mchukue mtoto uende naye hivyo hivyo, na upitie kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, umwambie kwa nini. Stripu mkizipata, zifungie sandukuni, na ufunguo uvae shingoni.

Mama mkwe mwendee peke yake. Ile kumi na tisa aliiona kwa macho yake. Anaogopa sindano itakayokuwa yake, ndiyo maana anaifukuza ya mjukuu. Usimpigie kelele. Mwambie, "Mama, kesho twende wote, wewe na Jamilah mkae benchi moja." Akikubali, mshike mkono.

Akikataa, Jumamosi aende Ludara peke yake. Jamilah haendi.