Mjerumani Anapuliza Moto

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Nimeosha Mjerumani kabla ya chai. Nimefuta vumbi, nimefuta sisimizi. Tena sisimizi. Kila asubuhi wanapanga foleni kutoka mlango wa dereva hadi chini ya dashibodi, utadhani nimewafungulia duka humo. Nimewaua. Kesho watarudi.

Halafu nimewasha injini, nimesukuma vidude vya hewa mpaka kwenye buluu, nimewasha AC. Moto. Moto mtupu, usoni na magotini. Nje mji wetu wa Wote unachoma tayari, ndani ya gari ni jiko la makaa.

Jumamosi bibi harusi wangu wa kwanza tangu Agosti alishuka kanisani wanja umemtiririka hadi kidevuni. Mama yake hakuniaga. Watu hukodi gari langu kwa sababu moja tu, kwamba ndani kuna baridi na poda haiyeyuki. Marehemu Mbithi alilinunua kwa Mjerumani wa mradi wa maji aliyekuwa akirudi kwao, ndiyo maana tukaliita hivyo. Alinifundisha kuliendesha. Mwaka jana akafa. Sasa nashona nguo za harusi, kisha nawapeleka kanisani waliozivaa. Bila hiyo baridi, mimi ni fundi cherehani mwenye chuma kikuukuu uani.

Nina hasira na kila kitu.

Jumanne, 5 Oktoba

Muthama amekuja. Mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa ng'ombe, mdomo mpana kuliko soko la Kathonzweni. Hakukaa. Alilizunguka gari kama anavyozunguka fahali mnadani, akapiga gurudumu teke.

"Mama Mwende, hii gari imekukataa. Hiyo moto si ya bure. Ni Mbithi anaongea."

Mbithi alikuwa mtu wa maneno machache akiwa hai. Leo amekufa ndio aanze kuhutubu kupitia matundu ya hita? Nimemwambia hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma. Ile huruma yake ndiyo siipendi kuliko matusi.

Namchukia Muthama. Naandika wazi, hakuna atakayesoma. Amelitaka gari hili tangu siku ya matanga.

Na sijasahau mambo ya Agosti. Tulikwenda upande wa Kitui kwa ntheo ya mwanawe, zile mbuzi zinazochinjwa kwa wakwe ili binti awe mke wetu kweli. Mbuzi walikuwa kwenye pikapu, mimi nikaendesha wakubwa. Tulipofika, kibuyu cha asali ya wakwe kilikuwa kimepungua, karibu nusu. Muthama akasema mbele ya watu wote, huku anacheka, "Mnajua wanawake na vitu vitamu. Shemeji ameonja njiani."

Wakwe walicheka. Mimi sikuonja hata tone. Tangu siku hiyo mama fulani kanisani huniita Mama Asali, na mimi hutabasamu kama mjinga.

Jumatano, 6 Oktoba

Fundi Musyoka wa karibu na stendi ameshika gari kutwa. Kwanza alisema ni gesi ya AC. Akaongeza gesi. Moto. Akasema ni thamostati. Akabadilisha. Moto. Akasema ni rejeta, injini inachemka. Nikamwonyesha mshale wa joto pale kwenye saa. Haujapanda hata kidogo.

Alipoishiwa maneno alijifuta mikono polepole, akauliza, "Lakini mama, hii gari ya marehemu mlifanyia maombi?"

Muthama amefika huko tayari. Nimechukua funguo zangu nikaondoka bila kuaga. Jasho limelowesha gauni hadi kiunoni. Watu wa stendi wamenitazama mpaka nikapotea.

Ijumaa, 8 Oktoba

Ukoo umekaa. Kwa Mzee Kioko, chini ya bati lake, kwenye viti vya kukodi. Sikuitwa kukaa, niliitwa kujibu.

Muthama aliongea kwa sauti ya msibani. Eti hataki mali, anataka amani ya marehemu. Eti gari lilikuwa baridi Mbithi alipoliendesha, likawa moto lilipobaki kwa mwanamke. Eti lirudi bomani. Bomani ni kwake. Waliokuwa pale ni watu wa kanisa, hakuna aliyetaja mizimu. Walitazama tu viatu vyao. Waoga.

Mzee Kioko ndiye mkubwa wa ukoo, na ana kinyongo na watu wanaoongea sana. Alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Wiki ijayo Jumamosi huyu mama anabeba bibi harusi kutoka Kathonzweni. Mimi nitaketi mbele. Gari ikiwa baridi, ni yake na tusisikie tena hiyo maneno. Ikiwa moto, Muthama atachukua funguo."

Muthama alikubali haraka sana. Mimi pia nilikubali. Ningefanya nini?

Nimerudi nyumbani nikapiga mlango. Mwenye nyumba wa jirani amekohoa ukutani. Nimepiga tena.

Jumatatu, 11 Oktoba

Sina fundi. Musyoka anasema ana kazi nyingi. Basi nitalifungua mwenyewe. Cherehani ngapi nimezifungua na kuzifunga? Chuma ni chuma.

Nimefungua boneti injini ikinguruma. Nimeshika bomba la AC. Baridi, linatoa jasho kama soda ya dukani. Kumbe baridi ipo! Inatengenezwa, halafu kitu kinaipika kabla haijanifikia.

Nimeshika mpira wa maji unaoingia kwenye hita. Nimeungua vidole. Nimetukana. Mungu amesikia, atanisamehe au asinisamehe.

Jumanne, 12 Oktoba

Leo nimeubana ule mpira kwa koleo, na kitambaa katikati usikatike. Nikaingia ndani, nikafunga vioo. Moto ukapungua. Ukapungua tena. Halafu baridi! Baridi yangu, usoni. Nimekaa humo nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko furaha.

Sasa najua. Maji moto ya injini hayafungwi. Kuna koki ndogo hapo, nayo inavutwa na waya kutoka kwenye kidude cha dashibodi. Ile asubuhi ya safari ya Kitui, mwezi wa Agosti, kulikuwa na baridi, tuliwasha hita. Baadaye nikakirudisha kidude kwenye buluu. Kidude kilirudi. Koki haikurudi. Ipo wazi tangu Agosti.

Siwezi kumbeba bibi harusi na koleo kwenye boneti. Mpira ni mzee, ungepasuka njiani. Lazima nijue kwa nini waya hauendi.

Jumatano, 13 Oktoba

Mvua hakuna, maji ya bomba hakuna, subira hakuna. Skrubu za dashibodi zimeshika kutu. Moja imening'oa kucha. Muthama alipita kwa baiskeli akasimama barabarani kutazama, na wenzake wawili. "Shemeji, usiharibu gari ya watu!" Gari ya watu. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Namshukuru Mungu ua lina seng'enge.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimeipata.

Nimetoa kifuniko cha vidude, na sisimizi wamemwagika magotini mwangu. Sikuwaua. Kwa mara ya kwanza nimewafuata kwa macho, kama mtu mwenye akili. Walipanda kwenye waya wa hita, wakaingia ndani ya ganda lake, wakatoka. Waya wote ulikuwa umepakwa kitu cheusi, kigumu, kilichochanganyika na vumbi la barabara yote ya Kitui. Nikadhani ni grisi. Nikanusa. Nikaweka kwenye ulimi.

Asali.

Nimekaa chini pale pale kwenye mchanga.

Ile asubuhi ya Agosti Muthama alikaa mbele kando yangu. Nilimwambia aweke kibuyu chini, kati ya miguu yake. Akaniangalia kana kwamba nimetukana ukoo. Asali ya wakwe haiwekwi penye miguu! Asali ya wakwe hutangulia mbele, iheshimiwe! Akaiweka juu ya dashibodi, juu kabisa ya matundu yanayopuliza kioo, akaishikilia kwa kiganja kama mwenyekiti wa mkutano. Na hita ilikuwa imewaka. Hewa moto ikapuliza kibuyu njia nzima. Nta aliyozibia mdomo ikalainika, na yeye akasinzia. Asali ikashuka kwenye matundu tone kwa tone, ikanywewa na gari.

Hakuna aliyeonja. Asali ilikuwa hapa siku zote. Nimeitwa mwizi, kisha mjane aliyekataliwa na marehemu, kwa kosa moja, na kosa lenyewe si langu.

Nimecheka mpaka jirani amekohoa tena. Halafu nimeshikwa na hasira mpya, kubwa kuliko zote.

Ijumaa, 15 Oktoba

Waya umelala kwenye beseni la maji moto tangu alfajiri. Nimeuvuta mbele na nyuma mpaka maji yamekuwa rangi ya chai. Nimeukausha juani, nimeupaka oili ya cherehani. Unateleza. Kibanio kinachoushika kwenye kidude kilikuwa kimelegea, ndiyo maana kidude kilirudi peke yake. Nimekikaza. Nimesukuma kwenye buluu: koki imefunga, nimeiona kwa macho yangu. Nimesukuma kwenye nyekundu: imefungua. Nimerudia mpaka mkono umechoka.

Kifuniko cha vidude sikukiosha. Kina asali iliyoganda upande wa ndani, na sisimizi waliokwama humo. Nimekifunga kwenye gazeti.

Jumamosi, 16 Oktoba

Kathonzweni, jua la kuua. Bibi harusi nyuma, nguo nimeshona mwenyewe. Mzee Kioko mbele, na koti lake zito, amelivaa makusudi, nadhani. Nimefunga vioo vyote. Nimesukuma kidude.

Baada ya mwendo kidogo Mzee alifunga kifungo cha koti. Kisha cha pili. Karibu na Wote akasema, "Mama Mwende, punguza. Nina kifua."

Sijawahi kupewa sifa tamu kuliko hiyo.

Muthama alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na wazee, mkono tayari kwa funguo. Bibi harusi alishuka poda yake haijaguswa. Nikafungua gazeti mbele yao. Nikamwomba Mzee Kioko aguse. Akagusa, akaonja, akamtazama sisimizi aliyekufa kwenye kidole chake. Akakumbuka nani aliyeshika kibuyu, maana na yeye siku ile alikuwa kiti cha nyuma.

"Muthama," akasema, "Mbithi hajaongea. Ni asali yako inaongea."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumcheka wiki nzima, na nafasi ilipofika sikuweza. Niliwaza tu wale wakwe wa Kitui, ambao bado wanajua kwamba mimi ndiye mwizi.

Nikasema, "Upungufu ule ulipwe kwao. Na atajwe aliyeimwaga asali, hapo hapo nilipotukanwa." Mzee Kioko akakubali. Muthama alitazama viatu vyake.

Jumamosi, 30 Oktoba

Kitui na kurudi. Wingu kubwa upande wa mashariki, mvua bado.

Muthama aliingia gari na kibuyu kipya, kimejaa hadi mdomoni. Alikisogeza juu ya dashibodi, mkono ukasimama hewani. Mimi nilitazama barabara. Mzee Kioko nyuma alitazama nje. Muthama akakirudisha mapajani. Kisha, tulipokaribia kuingia lami, akainama akakiweka chini, kati ya viatu vyake.

Kwa wakwe alisema yote. Kwa sauti ndogo, lakini alisema. Mama mkwe mmoja mzee alinishika mkono, akanichotea asali ya kwenye kibuyu kwa kidole chake mwenyewe. Nikaonja.

Muthama hajaniomba msamaha. Simsamehe. Kurudi nyumbani alisema joto ni kali, akashusha kioo.

Nikamwambia apandishe. Akapandisha. Nikasukuma kidude kwenye buluu.