Nilichomficha Koplo

Jumatatu, 8 Septemba

Maduka saba leo, mawili kesho. Nachomeka flashi, naingiza toleo jipya la programu yetu ya stoo, nangoja mstari ujae, nakunywa chai ya mwenye duka. Miaka sita kazi yangu ndiyo hiyo, hapa mtaa wa Kisenyi. Nina darasa la tano na jeshi, basi, lakini kompyuta zote zinanijua.

Jioni Nakato, mkubwa wetu ofisini, umri wa binti yangu wa mwisho, akasema kazi ya flashi imekwisha. Analeta mtambo. Mtambo huo utaunda programu, utaipima, utaituma maduka yote tisa kwa mtandao, wenyewe. Nikacheka. Flashi nikazirudisha mfukoni.

Jumatano, 10 Septemba

Nakato kaniketisha aandike kila ninachofanya, aufundishe mtambo.

"Afande, usinifiche kitu."

Nimemtajia mambo thelathini na moja. Hata kwamba kompyuta ya dukani kwa Hajji Abdi hupigwa kofi ubavuni. Kaandika, maskini.

Moja sikutaja. Ijumaa mchana siingizi kitu. Wenye maduka wakienda msikitini wanashusha swichi kubwa ya umeme, tangu duka moja liungue watu wakiwa kwenye swala. Hilo halimo kwenye karatasi yoyote. Nimelikalia. Mtu lazima abaki na kitu chake.

Ijumaa, 12 Septemba

Mtambo umejaribiwa hapa ofisini. Nimeupa jina Koplo: anatii, haulizi. Upimaji wangu wa siku mbili kaumaliza kabla sijamaliza chapati. Kijani tupu kwenye kioo, hakuna kosa hata moja. Wakapiga makofi. Nami nikapiga. Namwogopa kuliko nilivyoogopa risasi. Risasi hukosea.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku imepangwa. Ijumaa, saa saba mchana. Nakato anasema saa hiyo maduka yametulia, hakuna mauzo ya kuvuruga. Yeye mtu wa kanisa, na Ijumaa saa hiyo huwa kaenda kula. Koplo ataanza kutuma, swichi zitashuka, programu itakatika katikati.

Najua inavyokuwa. Mwaka wangu wa kwanza umeme ulikatika nikiwa nusu, dukani kwa Hajjati Mariamu. Kompyuta haikuamka siku tatu. Stoo nzima ya mchele na sukari, mama wa watu anahesabu magunia kwa kidole. Hilo lilikuwa duka moja. Haya ni tisa.

Nikinyamaza, Koplo ataaibika, watanirudia mimi. Nikisema, sina changu tena.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda kwa Hajjati kukagua kompyuta. Kaniuliza, "Baba Okello, hiyo mashine yenu mpya itanijua mimi?"

"Itakujua kuliko mumeo."

Kacheka mpaka akashika meza. Nimetoka pale bila kumaliza chai.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikusema. Mara tatu nimesimama mlangoni kwa Nakato, mara tatu nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 19 Septemba

Saa sita na nusu. Nimeingia bila kubisha.

"Nakato, mzuie Koplo."

Nikaeleza yote, swala, swichi. Akamzuia kwanza. Ndipo akauliza nimemficha tangu lini. Nikasema tangu siku ya kuandika.

"Mzee. Na Hajjati je, ulikuwa tayari aumie?"

Hakuniita Afande.

Akaandika kwenye mtambo: Ijumaa, si kabla ya saa tisa. Mstari mmoja tu, chafya ni ndefu kuliko huo. Saa tisa Koplo akatuma, maduka tisa yakaitika. Jambo langu la mwisho sasa analo yeye.

Jumamosi, 20 Septemba

Nakato hajaniambia nirudi Jumatatu. Hajaniambia nisirudi.

Nimepita kwa Hajjati. Kompyuta inafanya kazi. Kauza magunia mawili mbele yangu, kila kitu kikajiandika sawasawa. Akauliza leo nimeleta nini. Nikasema sina kitu, nimekuja kusalimia. Mara ya kwanza katika miaka sita. Akanisogezea kiti, tukakaa tunaangalia watu wanavyopita.