Kioo Nilichomwambia Asikitazame

Mshauri, salamu. Mimi ni dereva wa lori mstaafu, miaka thelathini na minane kwenye usukani na ajali hata moja sina, ulizia, wenzangu waliniita Injini, shule niliiacha mapema lakini barua hii nimeiandika mwenyewe maana jambo hili siwezi kumtuma mtu aniandikie.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka kumi na minane, anajifunza kuendesha gari, chuo kinamfundisha na mimi namfundisha, na kwangu ndiko kwenye kujifunza kwenyewe, maana yule mwalimu wake ni kijana wa juzi, eti tazama kioo, eti funga mkanda, eti mteremko ushuke na gia ndogo, nikamwambia mjukuu wangu achana naye, barabara iko mbele haiko kwenye kioo, na mteremko unatoa gia kabisa, gari linashuka lenyewe, mafuta unaokoa. Akaniuliza, "Babu, na breki zikichoka?" Nikamjibu, "Zichoke, kwani zinalima?" Tukacheka sana.

Basi Jumamosi asubuhi alikuwa anaendesha, mama yake ambaye ni binti yangu kakaa pembeni, mimi nyuma bila mkanda, tukafika ule mteremko mrefu wa kushukia sokoni, mtoto akatoa gia kama nilivyomfundisha, gari likashika kasi, akakanyaga breki wee mpaka zikanuka moto na hazishiki, chini watu wanavuka, akakata kona akaliingiza kwenye ua wa michongoma wa fundi cherehani, likasimama. Taa imevunjika, na mimi nina nundu kwenye paji la uso, wengine wazima.

Mama yake akafoka, "Nani kakufundisha ujinga huu?" Mtoto akanitazama kwenye kile kioo, akasema, "Nilijisahau tu, mama."

Kanisitiri, mshauri. Tangu siku hiyo hagusi funguo, mtihani wake ni Jumatano ijayo, mama yake anasema basi aache, na mimi nimenyamaza. Nifanyeje arudi kwenye usukani bila mimi kudharauliwa nyumbani kwangu?

Injini

*

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa nundu.

Unataka mtoto arudi na wewe usiseme kitu. Njia hiyo haipo, usinisumbue kuitafuta. Miaka yako thelathini na minane sikunyang'anyi, lakini kwenye mteremko ulikuwa na bahati, na bahati hairithishwi mjukuu. Aibu yako umembebesha binti wa miaka kumi na minane, naye kaibeba bila kulalamika. Si haki, babu.

Hebu tazama alichofanya: breki zimemkatalia, yeye akachagua michongoma, akawaepuka watu. Huyo ni dereva. Hajui tu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Leo chakula kikiwa mezani, sema mbele ya mama yake: "Nilimfundisha mimi, nilikosea." Maneno matatu. Usiongeze habari za lori. Kesho breki zikaguliwe na fundi. Kisha mwombe yule kijana wa juzi awapeleke mteremko uleule kabla ya Jumatano, gia ndogo tangu juu, polepole.

Wewe kaa nyuma. Funga mkanda kabla hajawasha gari, akitazama kioo akuone umefunga. Mkifika chini, atakuuliza kwa maringo, "Umeona, Babu?" Jibu unaloruhusiwa ni moja: "Nimeona, dereva."