Kiondo Kilichopinda

Jumanne, Agosti 1986

Bila mimi, viondo vya Kasikeu havingefika ng'ambo. Nimemwambia hivyo yule mnunuzi wa Nairobi, na kwamba hata mawaziri huniomba ushauri. Alicheka kidogo tu.

Sawa, kazi ni ya mke wangu Mbinya na wenzake. Mnunuzi alitaka viondo arobaini, vyote kipimo kimoja, la sivyo oda iende kwingine. Taabu ni kwamba kila mama hupima kwa shubiri yake, na mikono hailingani. Nikawakatia kijiti kimoja cha kupimia.

Leo alikagua polepole, roho yangu juu. Akakitoa kimoja. "Mzee, hiki mbona kimelala upande? Nani alikisuka?"

Mbinya, na homa yake ya wiki nzima, akaruka kujibu: "Ni mimi, mwanangu. Macho yamezeeka."

Vingine amechukua vyote, na ameagiza zaidi. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi niliangalia viatu.

Mwanaume wa Kikamba hasuki kiondo. Lakini Mbinya alipozidiwa, nilijifungia ndani nikammalizia kile kimoja. Ni mimi niliyekipinda.