Kware Kando ya Barabara

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana unapokanyaga cherehani. Vipi kitinda mimba wetu? Mwambie nimemwekea manyoya ya bata maji, na asinisumbue kwenye simu kuuliza ni mangapi, atayaona mwenyewe. Nisalimie mama wa mlango wa pili, umwambie nimefuata ushauri wake wa kuvaa soksi mbili mbili, na kwamba hata hizo mbili hazitoshi.

Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa wala aliyeugua homa. Najua maelezo hayo yatakushtua, kwa sababu umenifundisha kusema hatujambo bila kuongeza kitu. Nivumilie, nitafika huko. Utajiuliza pia kwa nini ninaandika wakati tunaongea kila Jumapili. Simu ni ya Baba, Mama, na kila ukipiga huiweka spika ili sote tufaidi sauti yako. Niliyo nayo hayasemeki kwenye spika. Mwenzake Baba Mdogo wa kazini anarudi nyumbani kabla yetu, na ameahidi kuikabidhi barua hii mkononi mwako. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na usiisome mbele ya mteja.

Nianze na mazuri. Baba Mdogo alitupokea mimi na Baba uwanja wa ndege kwa furaha, amevaa koti nene kama godoro. Gari la safari ndilo lile analobebea friji mbovu za watu kwenda kuzitengeneza. Ameondoa rafu za nyuma akafunga kiti, lakini harufu ya grisi haijakubali kuhama. Baba alilizunguka, akapiga kila tairi teke kama afanyavyo kwa basi la shule, kisha akanyoosha mkono kudai ufunguo. Baba Mdogo alisita, akasema huku magari hupita upande mwingine wa barabara na mgeni huchanganyikiwa. Baba akamjibu kwamba yeye alikuwa anabeba watoto wa watu wakati Baba Mdogo bado anaangushwa na baiskeli, kwa hiyo fundi wa friji akae nyuma na friji zake. Walicheka mpaka askari wa maegesho akaja kutuambia tuondoke.

Hifadhi ya kwanza ilikuwa ziwa lililozungukwa na matete, maji yake ya kijivu kama anga lenyewe. Mvua nyembamba haikukata. Wenye hifadhi wamejenga vibanda vya mbao vyenye madirisha membamba, mnaingia humo mkanyamaza, na ndege wanakuja karibu bila kujua wanatazamwa. Baba Mdogo hajui ndege. Kwake kila kitu chenye mabawa ni kuku wa porini, na akimwona mkubwa anauliza kama analiwa. Lakini alijitahidi kutusaidia. Alijifunza kwa wenyeji kuelekeza kwa saa, akawa anatunong'oneza kwamba kuna kuku wake saa tatu. Yeye alimaanisha namba tatu, upande wa kulia. Baba akageukia kushoto, ambako mshale mfupi huelekea ikiwa saa tatu yetu. Nilicheka hadi nikajiziba mdomo kwa skafu. Baba alisema ughaibuni umemharibia mdogo wake hata saa, na wakakubaliana kwamba kuanzia pale tutaelekezana kwa kidole.

Ila hata kwa kidole, Mama, Baba hakuwaona ndege.

Unaijua kanuni yetu tangu nilipoanza kumfuata Jumamosi kwenye vichaka vya nyuma ya uwanja wa mabasi. Ndege hawi wetu mpaka tumemwona sote wawili. Akionwa na mmoja tu tunamwacha aende zake. Basi pale kibandani alikuja korongo akasimama kando yetu, karibu kiasi cha kumrushia mkate. Baba alitazama mbele na kuniuliza yuko wapi. Nilimwonyesha. Akaniuliza tena. Mwishowe nilimshika mabega nikamgeuza polepole, kama unavyogeuza kioo cha gari, mpaka darubini yake ikamwangukia ndege. Hapo akatabasamu, akanieleza mambo ambayo mimi mwenye macho makali sikuyaona: ngozi nyekundu kuzunguka jicho, unyoya uliovunjika bawani, na jinsi alivyokuwa anauegemea mguu mmoja. Nikawaza kwamba mtu anayeona vile hawezi kuwa na tatizo la macho. Nikajiambia ni uchovu wa safari.

Kulikuwa na mengine, nami niliyapangia sababu moja moja. Giza likianza tu kuingia, Baba alimpa Baba Mdogo ufunguo akilalamikia mgongo. Kambini alijikwaa kwenye kamba za hema la wenyewe akaanguka kifudifudi. Baba Mdogo alimtania kwamba amelewa hewa safi. Baba alicheka kwa sauti kuliko sisi sote, na kicheko chenyewe hakikunipendeza.

Sasa nafika kwenye kware.

Tulikuwa tunatoka hifadhi ya pili, ile ya msituni, asubuhi baada ya chai. Baba alikuwa anaendesha. Baba Mdogo alikuwa amelala nyuma mdomo wazi. Barabara ilikuwa tupu, yenye majani marefu pande zote mbili, na mimi nilikuwa natazama kando kama kawaida yangu. Nikamwona kware jike akitoka majanini, vifaranga wake wakimfuata kwa mstari ulionyooka kuliko ule tunaopanga shuleni asubuhi. Nilifurahi, Mama. Sikupiga kelele, kwa sababu nilikuwa na hakika Baba ameshamwona. Unakumbuka alivyosimamisha basi zima kwa ajili ya njiwa mwenye bawa bovu, watoto wote wakachelewa, na mwalimu mkuu akamwita ofisini? Ulicheka ukasema umeolewa na mlinzi wa njiwa. Kwa hiyo nilijishika kwenye kiti nikingoja breki, na mkono mwingine ukawa unatafuta darubini.

Gari halikupunguza mwendo. Nilisikia kishindo kidogo chini yetu. Baba akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama na mimi nimelihisi lile jiwe.

Nikasema ndiyo.

Niligeuka nyuma nikawaona vifaranga wakizunguka zunguka katikati ya barabara, mstari umekwisha. Mimi mnayeniita Chiriku kwa sababu sinyamazi, sikutoa neno mpaka tukafika lango la hifadhi iliyofuata. Baba alidhani nimeshikwa na usingizi. Lakini sikuwa na usingizi, na nitakuwa mkweli, sikuwa namlilia kware peke yake. Nilikuwa nawaza lile geti la bluu kwenye kona, ambako mapacha wa nesi huchomoka mbio kutoka pembeni kuwahi basi la Baba, mabegi yamewazidi ukubwa. Nilikuwa namwaza kitinda mimba wetu kwenye kiti chake nyuma ya dereva, akiimba.

Mchana huo tulipokaa kula, nilisogeza chungwa la Baba kidogo tu, nikaliweka pembeni ya sahani yake. Alilitafuta. Alipapasa meza kama mtu aliye gizani, na jua lilikuwa juu yetu. Kisha akajifanya hana hamu ya matunda. Nilimenya chungwa lile nikamtilia mkononi, na sijawahi kujisikia mbaya kama wakati ule.

Kesho yake asubuhi Baba Mdogo alikwenda kutafuta mafuta ya jiko, tukabaki wawili kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Nilimuuliza. Nilimuuliza kwa adabu, lakini kwa maneno ambayo hayakumwachia mlango wa kutokea. Baba alifuta kioo cha darubini kwa shati, akaendelea kukifuta muda mrefu baada ya kuwa safi. Ndipo akaniambia.

Mama, siku ile aliyotuambia kwamba amekwenda kushughulikia leseni, alikuwa kwa daktari wa macho. Macho yake yanajifunga kutoka pembeni kuja katikati. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Kilicho mbele yake hasa anakiona vizuri, ndiyo maana akielekezewa darubini anaona kuliko mimi. Kilicho kando hakipo kabisa. Daktari alimwambia hana miwani wala upasuaji wa kumsaidia, na akamtaka aache usukani siku ileile.

Hakuacha. Aliendesha muhula mzima. Alijitetea kwangu kama mtoto: kwamba alikwenda polepole, kwamba matroni wa basi hushuka kwanza kila kituo, kwamba alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama bundi. Alikuwa amejipangia muhula mmoja zaidi, basi. Ndiyo maana alimng'ang'ania Baba Mdogo kwamba safari hii tuliyoiota miaka yote iwe likizo hii, si ijayo. Alitaka awaone ndege wa huku wakati bado bomba lina nafasi.

Kisha akaniuliza kama lile lilikuwa jiwe kweli.

Nilimwambia lilikuwa kware. Nilimwambia na vifaranga, kwa sababu nilihofia nikificha vifaranga nitaficha na mengine. Alivua darubini yake akanivisha shingoni juu ya yangu, akaegemeza paji la uso kwenye mbao za dirisha. Nje, bata walikuwa wanapiga kelele zao kama vile hakuna kilichotokea.

Baadaye aliniomba nimwachie akuambie mwenyewe, tukisharudi, shule zikishafunguliwa na mambo yakitulia. Mimi nikamkumbusha kwamba shule zinafunguliwa kesho yake baada ya sisi kufika, na kabla mambo hayajatulia kuna geti la bluu. Alisema naongea kama wewe. Sikujua kama ni sifa au lawama, nikaichukua kama sifa. Nikamwambia nitakuandikia, na kwamba sitakuandikia kwa siri. Mwishowe alisema niandike, ila nisiseme tu kwamba haoni, niseme pia kwamba aliogopa.

Kwa hiyo naandika: aliogopa, Mama. Anasema haogopi giza lenyewe kama anavyoogopa kukaa barazani asubuhi, basi likipita na mtu mwingine kwenye usukani, na watoto wakimpungia mkono na kumwita Kapteni. Nimemkasirikia, na hasira haijaisha. Lakini namkasirikia nikiwa nimemshika mkono, kwa sababu njia za huku zina mizizi mingi.

Alimweleza mdogo wake siku ileile, pale kituo cha mafuta, akamkabidhi ufunguo mbele ya mhudumu aliyekuwa anangoja tumlipe. Baba Mdogo hakuwa na utani hata mmoja. Aliutazama ule ufunguo kiganjani kama hajawahi kuuona, kisha akazunguka akamfungulia kaka yake mlango wa abiria. Tangu hapo ndiye anayeendesha. Anaendesha taratibu mno, na wanaotupita hutupigia honi.

Baba anakaa mbele amefumba macho, dirisha wazi hata mvua ikinyesha. Anasikiliza. Anamtaja ndege kwa kusikia mlio wake tu, na mimi ninamtafuta. Mara nyingine anakosea. Lakini jana alimsikia mdiria kwenye matete, nikamtafuta sana nikakata tamaa, na nilipotaka kumwambia amekosea, yule ndege akachomoka mbele ya macho yangu, mgongo wa bluu kabisa. Nikamuuliza tumfanyeje, maana kwa kanuni yetu si wetu, ameonwa na mmoja. Baba alifikiri. Akasema kanuni aliitunga yeye na anaweza kuirekebisha: kuanzia sasa mmoja amsikie, mwingine amwone. Sijui shule ina kazi gani kwa mtu wa namna hii. Nitamuuliza mwalimu wa klabu yetu ya mazingira, hata kama ataniona mtoto.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, umwone mwalimu mkuu kabla hatujafika, umwambie atafute dereva mwingine wa siku ya kufungua. Baba amekubali, na atakwenda mwenyewe kueleza yaliyobaki. La pili ni dogo, lakini limenikosesha raha kuliko la kwanza. Kila likizo inapokwisha unalipiga pasi shati lake la kazi unalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Safari hii usilipige pasi, Mama. Na kama umeshalitundika, litoe kabla hatujaingia, asije akalikuta pale.

Nakutakia afya na moyo wa kuyapokea haya. Mbusu kitinda mimba, usimwambie chochote mpaka nije tumwambie pamoja. Baba Mdogo anakusalimu sana, anasema friji yako ikianza tena kutoa maji usimwite fundi yeyote, umpigie yeye. Ukituona uwanja wa ndege, simama mbele yetu kabisa, usisimame pembeni.

Ni mimi mwanao,
Chiriku

Mama Chiriku, ni mimi mumeo. Barua hii nimeisoma yote, mstari kwa mstari, nikiufuata kwa kidole. Hakuna alipoongeza. Shati lipige pasi, liache hapo mlangoni. Nitalikunja mwenyewe.